Moto Hauna Wazimu: Kanuni za Moto wa Msituni na Mchezo wa Kuzifundisha

Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na wanavijiji, Songea

 

Mada niliyopewa imetoka kwa vijana. Wanatunga mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika: mmoja huwa msimulizi, wengine huwa mashujaa, waganga, wawindaji na majini katika nchi ya kubuni. Nchi yao ina msitu, na wanataka msitu huo ushike moto. Wakaniuliza: moto uende kwa kasi gani? Uruke mto au ukomee ukingoni? Shujaa akikurupuka usingizini akaona ukuta wa miali, akimbilie wapi?

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kitoto, hasa katika mkoa ambao mvua zikishakatika moshi hauishi kuonekana hadi Novemba. Mimi sioni hivyo. Maswali hayo matatu ndiyo yaleyale anayopaswa kujiuliza mkulima wa Namtumbo kabla hajawasha kiberiti, na msimamizi wa shamba la miti kule Wino kabla hajawapanga vibarua wake. Kijana akikosea hupoteza mhusika wa kubuni. Mkulima akikosea hupoteza ghala, mizinga, pengine na mtoto.

Ninalotaka kulisema jioni hii ni moja: moto hauna wazimu. Hauendi ovyo wala haumchukii mtu. Unafuata kanuni chache, na kanuni hizo zinaweza kuchezwa mezani kwa dadu na punje za mahindi. Anayezijua atatunga hadithi yenye nguvu zaidi, na atagundua pia kwamba moto wa Oktoba huamuliwa mwezi Juni.

Kinachoungua ni nini

Tuanzie jikoni. Apikaye kwa mafiga matatu anajua kwamba figa moja likiondoka chungu kinamwagika. Moto nao una mafiga yake matatu: kitu cha kuungua, joto, na hewa yenye oksijeni. Anayeupiga moto kwa tawi bichi anaunyima hewa. Anayeumwagia maji anaondoa joto. Anayefyeka na kulima ukanda mtupu anaondoa kitu cha kuungua. Mbinu zote za kuzima moto wa msituni, kuanzia jembe hadi ndege, ni mojawapo ya hizo.

Sasa tuutazame ukuni wenyewe. Ukipata joto, kwanza maji yaliyomo ndani yake hugeuka mvuke. Yakishaisha na joto likazidi kupanda, ukuni huanza kutoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazowaka tunapoona miali. Hilo hutokea kwenye nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Ubichi ni kinga kwa sababu moto hulazimika kutumia joto lake kukausha kwanza kabla haujapata cha kula.

Unene nao una maana kubwa. Wataalamu hupanga kuni za msituni kwa muda zinaochukua kukauka au kunyonya unyevu wa hewani. Nyasi, majani makavu na vijiti vyembamba kuliko milimita 6 hubadilika kwa saa 1 hivi. Vijiti vya hadi milimita 25 huchukua saa 10. Matawi ya hadi sentimita 7 na nusu huchukua saa 100. Magogo ya hadi sentimita 20 huchukua saa 1,000, yaani zaidi ya siku 40. Kwa hiyo manyunyu ya asubuhi hayazuii nyasi kuwaka alasiri ya siku hiyohiyo. Gogo lililokauka miezi mitatu, kwa upande wake, likishika moto hufukuta siku kadhaa baada ya watu kurudi nyumbani wakidhani kazi imekwisha. Mioto mingi inayodaiwa kuanza upya ni ileile ya jana iliyokuwa imejificha ndani ya gogo.

Msituni moto husafiri katika ngazi tatu. Ngazi ya chini kabisa ni moto unaofukuta ndani ya mboji na mizizi, bila miali, polepole. Ya kati ni moto unaokimbia juu ya ardhi ukila nyasi, majani makavu na vichaka. Ya juu ni moto uliopanda vileleni ukiruka kutoka mti hadi mti. Katika miombo yetu moto wa kawaida ni wa ngazi ya kati. Vilele vya miti mikubwa huponea juu. Katika mashamba ya misindano hali ni nyingine. Matawi ya chini yasipopogolewa huwa ngazi halisi ya kupandia, na moto ukifika vileleni kwenye sindano zenye utomvu, hakuna kikosi cha wenye matawi mabichi kitakachousimamisha.

Upepo, mlima na saa

Moto ulioanza mahali pamoja siku isiyo na upepo, kwenye tambarare, hutanuka pande zote sawasawa. Upepo ukivuma, unauvuta ukawa na umbo la yai. Hapo moto unakuwa na kichwa, mbavu na mkia. Kichwa hukimbia uelekeo wa upepo kikiwa na miali mirefu iliyoinama mbele. Mbavu hutanuka kwa kasi ndogo. Mkia hutambaa kinyume cha upepo, miali ikiwa mifupi kiasi kwamba mtu mzima anaweza kuikabili. Wazimamoto wenye uzoefu huanzia mkiani, wakapanda na mbavu mbili wakikibana kichwa. Anayekwenda kusimama mbele ya kichwa anajitafutia maafa.

Kwa kasi, ipo kanuni rahisi ya kukadiria. Watafiti waliolinganisha mioto mingi mikali ya Australia, Amerika Kaskazini na kwingineko waliona kwamba katika msitu mkavu kichwa cha moto husonga kwa takriban asilimia 10 ya kasi ya upepo, na katika nyasi zilizokauka kabisa takriban asilimia 20. Upepo ukiwa wa kilomita 30 kwa saa, moto wa msituni utakwenda kilomita 3 kwa saa na wa nyasi kilomita 6. Mtu mzima akitembea kwa haraka hufanya kilomita 5 au 6.

Halafu kuna mlima. Kanuni inayotumiwa sana na wazimamoto ni kwamba kila mwinuko ukiongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya moto unaopanda huongezeka maradufu. Miali inakuwa karibu na nyasi zilizo juu yake, na hewa ya moto inazikausha kabla moto haujafika. Basi ule moto wa nyasi wa kilomita 6, ukikuta kilima cha nyuzi 10, hufika kilomita 12. Binadamu anayepanda kilima hichohicho anazidi kupungua mwendo. Jibu kwa shujaa wenu ni hili: asikimbilie kileleni, na asiingie kwenye korongo jembamba, kwa maana korongo huvuta moto kwenda juu kama bomba la moshi. Aende pembeni, avuke ubavu wa moto mahali miali ilipo mifupi, aingie kwenye eneo ambalo limekwisha kuungua. Kwenye majivu hakuna cha kuungua tena. Akiona shamba lililolimwa au barabara pana, ashukuru Mungu.

Saa nayo hupanga mambo. Mchana jua hupasha miteremko, hewa hupanda mlimani, na moto hupanda nayo. Usiku hewa iliyopoa huteremka, unyevu huongezeka, na moto hupungua nguvu. Hupungua tu. Alfajiri kikosi kikiuacha kwa sababu unaonekana kufifia, saa 7 mchana utawaita tena.

Mwaka 1959 Mmarekani George Byram aliandika hesabu inayotumiwa hadi leo kupima ukali wa moto: zidisha joto linalotolewa na kilo moja ya kuni, uzito wa kuni zinazoungua katika kila mita ya mraba, na kasi ya moto. Jibu ni nguvu kwa kila mita ya mstari wa moto. Tuchukue moto wa Juni, nyasi zingali na ubichi kiasi: gramu 200 kwa mita ya mraba, mwendo wa sentimita 5 kwa sekunde. Hesabu inatoa kilowati 180 kwa mita, miali ikiwa chini ya mita moja. Tuchukue moto wa Oktoba: gramu 400, nusu mita kwa sekunde. Inatoka kilowati 3,600, na miali inapita mita 3. Watu wenye majembe na matawi huweza kuukabili moto hadi kilowati 350 hivi. Kuni zimeongezeka mara mbili tu, lakini kwa kuwa kasi imeongezeka mara kumi, moto umekuwa mkali mara ishirini.

Na je, uruke mto? Cheche ndizo zinazoruka. Tarehe 7 Februari 2009, jimboni Victoria nchini Australia, mioto iliyoua watu 173 ilirusha vipande vya magome ya milingoti vikiwaka umbali wa zaidi ya kilomita 30. Milingoti tuliyoipanda huku kusini asili yake ni hukohuko. Katika miombo cheche kwa kawaida haziendi mbali hivyo, lakini mbali ya kutosha kuvuka kijito, barabara, au ukanda mwembamba uliofyekwa kwa haraka. Jibu ni kwamba mto huzuia moto unaotambaa. Hauzuii moto unaorusha cheche.

Msitu wetu na tabia yake

Songea ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo nyasi hurefuka. Mei huanza kunyauka. Juni na Julai, kwenye baridi, zinakuwa nusu kavu. Kisha miti ya miombo inapukutisha majani, na juu ya nyasi kavu linatandazwa tabaka la majani makavu. Kufikia Septemba na Oktoba jua ni kali, upepo unavuma, na ardhi yote imekuwa kuni za saa moja.

Radi huja na mvua, yaani wakati ambapo vitu vimeanza kulowa. Kwa hiyo moto wa kiangazi chetu karibu wote huwashwa na binadamu: anayesafisha shamba, anayerina asali kwa mwenge, anayewinda ndezi, anayechoma mkaa, mchungaji anayetaka majani mabichi yachipue, na mpita njia aliyetupa kipande cha sigara. Afrika peke yake hubeba kama theluthi mbili ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka, na katika picha za setilaiti kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji huwa miongoni mwa sehemu zenye alama nyingi za moto.

Miombo imezoea moto. Mche wa mninga huweza kuungua juu ya ardhi mwaka hadi mwaka huku mzizi ukizidi kunenepa chini, mpaka siku unapopata nguvu ya kutoa shina linalopita urefu wa miali. Mti mkubwa una gome nene. Kwa hiyo suala la kuuliza ni moto gani, wa mwezi gani, na unarudi mara ngapi. Majirani zetu wa Zambia walilichunguza kwa subira. Mwaka 1933 karibu na Ndola zilitengwa sehemu za miombo: nyingine zikawa zinachomwa mapema kila mwaka, nyingine mwishoni mwa kiangazi, nyingine zikalindwa zisiguswe na moto kabisa. Miongo miwili baadaye matokeo yalionekana kwa macho. Zilizochomwa mwishoni mwa kiangazi zilikuwa zimepoteza miti mikubwa na kugeuka mbuga ya nyasi. Zilizolindwa zilisongamana miti na vichaka. Zilizochomwa mapema zilibaki miombo. Udongo ni uleule na mvua ni zilezile. Kilichotofautiana ni tarehe ya kiberiti.

Mlimani athari ni kubwa zaidi. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza Kilimanjaro, eneo la Whona, kwenye njia ya kutoka Mandara kwenda Horombo. Angalieni jinsi kanuni zote zilivyokutana: Oktoba, mwinuko, upepo wa mlimani, na vichaka vya erika vyenye majani madogo yanayowaka kwa wepesi. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwemo askari wa hifadhi, wanafunzi na wanavijiji, wengi wakiwa na matawi na mapanga. Uliunguza kilomita za mraba zipatazo 95. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, mlima uliwaka tena, safari hiyo upande wa Karanga. Mtafiti wa Kijerumani Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huo kwa miaka mingi, ameeleza kwamba mioto imeteremsha mpaka wa juu wa msitu, na kwamba kupotea kwa maji ya ukungu ambayo miti ya huko ingeyanasa ni hasara kubwa kuliko kuyeyuka kwa barafu kunakosemwa kila siku.

Sisi tuna Matogoro. Hatuna barafu, lakini mto Ruvuma unaanzia kwenye milima hiyo tunayoiona kutoka mjini, kabla haujaenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji na kumwaga maji Bahari ya Hindi. Msitu wa Matogoro ukigeuka nyasi, mvua itakayonyesha itateremka siku hiyohiyo na udongo, badala ya kuingia ardhini na kutoka Septemba kama chemchemi.

Asilimia 59

Sasa vijana, tufike kwenye hesabu ambayo itawafaa. Chora karatasi ya miraba mingi. Jaza baadhi ya miraba kwa bahati nasibu kuwa msitu, iliyobaki iwe mitupu. Washa upande mmoja. Moto unaruhusiwa kupita kwenye mraba wa msitu uliopakana na unaowaka kwa juu, chini, kulia au kushoto. Je, utafika upande wa pili?

Mtu angetarajia kwamba msitu ukipungua kidogo, moto nao hupungua kidogo. Sivyo. Msitu ukiwa asilimia 50 ya miraba, moto karibu kila mara hufa njiani. Ukiwa asilimia 70, karibu kila mara hufika. Mpaka kati ya hali hizo mbili ni mwembamba, nao uko karibu na asilimia 59. Mkiruhusu moto upite pia kwenye pembe, mpaka unashuka hadi karibu asilimia 41. Upepo na cheche huushusha zaidi. Maana yake ni kwamba si lazima kuondoa kuni zote ili kuusimamisha moto. Inatosha kuukata mfululizo wake.

Babu zetu waliishi ndani ya hesabu hii bila kuiandika. Mtafiti wa Kinorwei Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alieleza jinsi watu wa nchi hii walivyokuwa wameyadhibiti mazingira yao kwa kulima, kufuga na kuchoma kwa mpango, na jinsi vita, magonjwa na njaa vilivyouvunja udhibiti huo. Hapa Ungoni hatuhitaji kusimuliwa. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji na maghala ya chakula, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, na mashamba yaliyoachwa yakarudi kuwa pori. Kila shamba lililorudi pori ni mraba mtupu uliojazwa. Nchi iliyokuwa viraka vya mashamba, vijiji na misitu iliungana ikawa kitu kimoja cha kuungua.

Na Wamatengo wa Mbinga wana jibu jingine. Katika kilimo cha ngoro, mwishoni mwa mvua mkulima hufyeka nyasi za mteremkoni, akazilaza katika mistari inayokatana ikafanya miraba, kisha akachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia. Maharage hupandwa juu ya kingo hizo. Nyasi ambazo kwa jirani zingekuwa kuni za Oktoba, kwake zimekwisha kuwa mbolea chini ya udongo. Mashimo yanashika maji ya mvua, mlima haumomonyoki, na moto ukifika hapo haupati njia.

Mchezo wenyewe

Kuwafundisha watu mambo mazito kwa mchezo si jambo jipya. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, von Reisswitz, alichapisha mchezo wa vita wenye ramani, dadu na mwamuzi, ukatumika kuwafunza maofisa. Mwaka 1974 Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, na michezo ya kuigiza wahusika ikaenea duniani. Sisi tuna bao, ambalo ni hesabu tupu lisilo na bahati. Mchezo wa moto unahitaji vyote viwili, hesabu na dadu, kwa sababu upepo haumwambii mtu kila kitu.

Pendekezo langu ni hili. Chukueni karatasi ya manila, mchore miraba 20 kwa 20. Kila upande wa mraba uwe mita 100, na kila zamu iwe dakika 1. Punje za mahindi ziwe nyasi, kunde ziwe miombo, majani mabichi yawe kichaka cha bondeni, na mraba mtupu uwe shamba lililolimwa. Chora mishale kuonyesha mlima unapandia wapi.

Kila zamu, mraba unaowaka hujaribu kuwasha majirani zake wanne. Tupa dadu moja kwa kila jirani. Nyasi hushika kwa 3 au zaidi, miombo kwa 4 au zaidi, kichaka kibichi kwa 6, na shamba halishiki kamwe. Lakini kwanza rekebisha namba: moto ukienda na upepo ongeza 2, ukienda kinyume punguza 2, ukipanda mlima ongeza 1, ukishuka punguza 1, mwezi wa Juni punguza 1, Oktoba ongeza 1, usiku punguza 2. Dadu yenyewe ikionyesha 6 kuelekea upande upepo unakokwenda, cheche imeruka: vuka mraba mmoja, tupa tena kwa ule wa pili. Mraba wa nyasi huwaka zamu 1, wa miombo zamu 2, kisha unakuwa majivu na hauwaki tena mwaka huo. Wekeni vijiwe vichache kuwa magogo. Gogo lililoungua linafukuta zamu 20, na likipata 6 linawasha upya jirani yeyote aliyebaki.

Mhusika hutembea mraba 1 kwa zamu kwenye tambarare, na mraba 1 kwa zamu 2 akipanda mlima. Wachezaji watajifunza haraka kutokupanda.

Na majini je? Na zimwi linalotema moto? Yawepo, maana bila hayo si mchezo wenu. Ila ninawashauri kanuni moja: uchawi uguse sababu, usiguse matokeo. Jini la upepo ligeuze upepo. Mganga alete ukungu bondeni. Zimwi liwashe mraba wowote lipendao. Lakini asiwepo wa kuuambia moto "simama" ukasimama. Mchawi akigeuza upepo, ubavu mrefu wa moto unakuwa kichwa kipya mara moja, na huenda akawa amewaokoa watu wa kijiji kimoja kwa kuwaangamiza wa kijiji cha pili. Hapo ndipo wachezaji watakapoanza kubishana kwa hoja. Msiba wa namna hiyo ni wa kweli. Wazimamoto wengi duniani wamekufa upepo ulipogeuka ghafla.

Jambo la mwisho katika mchezo ndilo ninalolipenda zaidi. Msianzie moto unapowaka. Anzieni Juni. Wapeni wachezaji siku 10 za kazi. Siku moja inatosha kulima miraba miwili kuwa barabara ya kuzuia moto, au kuchoma mapema miraba mitano kwa kanuni za Juni, au kuvuna, kuwinda na kujitajirisha. Kisha ifike Oktoba, na dadu ichague mraba utakaowaka. Chezeni mara kadhaa. Kundi lililotumia Juni yote kujitajirisha litakuwa na panga la dhahabu na msitu wa majivu. Kundi lililokata mfululizo mahali panapostahili, chini ya mteremko na upande unakotoka upepo, litauona moto ukija, ukinyong'onyea, ukifa. Ushujaa wa Oktoba huwa mdogo sana mbele ya kazi ya Juni.

Kutoka mezani hadi kijijini

Hayo si ya mezani peke yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu inayohusu moto, na vijiji vyenye misitu ya hifadhi vinaruhusiwa kujiwekea sheria ndogo na mipango ya usimamizi. Kijiji kinachopanga kuchoma mapema kwa viraka, kwa tarehe inayojulikana, majirani wakiwa wamearifiwa na watu wakiwa wamesimama na matawi, kinafanya kile ambacho majaribio ya Ndola yalikithibitisha. Lakini kuchoma mapema si kibali cha kuchoma kila mahali. Misitu ya mabondeni na vyanzo vya maji isichomwe kabisa, Juni wala Oktoba. Na shamba la miti lisiloweza kuvumilia moto wowote lilindwe kwa barabara zilizolimwa na matawi yaliyopogolewa.

Mkulima anayesafisha shamba akumbuke mambo manne: alime ukanda mtupu kuzunguka shamba kabla ya kuwasha, awashe jioni upepo ukiwa umetulia, aanzie upande wa juu wa mteremko ili moto ushuke, na upande upepo unakoelekea ili utambae kinyume chake, na asiondoke mpaka ameyagusa magogo kwa mkono akayakuta baridi.

Ndugu zangu, hakuna shujaa anayehitajika kwa moto uliopangiwa siku yake. Kwa hiyo ninawaomba mambo matatu. Vijana, malizeni mchezo wenu, muujaribu, mrekebishe namba zangu mtakapoona zina kasoro. Walimu, uingizeni kwenye vipindi vya jiografia na hisabati mapema, kabla nyasi hazijakauka. Na ninyi wenyeviti wa vijiji, mwezi Mei itisheni mkutano mmoja wenye ajenda moja: nani atachoma wapi, lini, na nani atakuwepo. Tarehe hiyo ikishaandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji, nusu ya kazi ya kuuzima moto wa Oktoba itakuwa imekwisha.